Upande wa Kushoto wa Miaka ya Sitini

Jumatano, 30 Aprili

Nimesoma matangazo ya asubuhi redioni. Ng'ombe watatu wamepotea Tarasaa, mmoja pembe imevunjika. Mazishi mawili. Kisha chai ya rangi, kisha kuandaa kipindi cha Jumamosi. Muziki wa miaka ya sabini dhidi ya themanini.

Nimeandika kwenye karatasi. Sabini: Waingereza wanavaa vitu vya kumetameta, wanajipaka rangi usoni, nyimbo ndefu kama hotuba ya harusi. Mwishoni mwa muongo wanatokea vijana wenye hasira, dakika mbili za kelele, basi. Themanini: mashine inapiga ngoma na mtu analia taratibu juu yake. Kuna muziki wa kupendwa na wote, na kuna ule wa pembeni, wa wale wasiotaka kupendwa na kila mtu. Mimi ni wa pembeni. Tangu baba alipoleta nyumbani katoni ya kanda walizoacha wahandisi wa Kiingereza kule Hola, kwenye mradi wa kunyunyizia mashamba maji.

Mwisho wa mwezi wasikilizaji hupiga simu kuchagua muongo bora. Sitini imeshinda tena. Kila mara sitini! Tisini hawaitaki kabisa. Sielewi.

Hedfoni zimekufa upande wa kushoto. Nimemwambia Jillo, fundi wetu wa mitambo. Anasema ziko sawa. Kwa Jillo kila kitu kiko sawa. Paa likimwangukia atasema liko sawa. Nimemfokea mbele ya watu.

Alhamisi, 1 Mei

Sikukuu ya wafanyakazi. Sisi wafanyakazi tuko kazini.

Jillo amekuja na hedfoni nyingine, mpya, bado zimo kwenye karatasi yake. Kushoto kimya. Nikasema hata hizi mbovu. Akanitazama. Mtu wa miaka hamsini na tano, anatengeneza redio tangu mimi sijavunja ungo, na mimi namfundisha kazi. Akanivua, akazigeuza, akanivika tena. Ya kulia kushoto, ya kushoto kulia.

Kushoto bado kimya.

Nikasema basi ni waya wa mezani. Akajibu, "Labda waya, dada." Sote wawili tunajua si waya.

Naogopa. Nimeandika nilione hilo neno. Naogopa.

Ijumaa, 2 Mei

Nina miaka arobaini na mitatu. Mama alikuwa na arobaini na minne. Alianza na la kushoto. La kulia likafuata kabla mwaka haujaisha.

Alikuwa anatazama watu midomo. Sokoni walimsema akiwa hapo hapo, nyuma ya kichwa chake, wakicheka. Nyumba yetu ikaitwa kwa kiziwi. Siku moja na mimi nilicheka, nilikuwa na wenzangu. Mama akageuka. Sijui kama aliona.

Jumamosi, 3 Mei

Kipindi kimepita. Kwa shida.

Simu ya kituo huiweka sikio la kushoto, mazoea ya miaka sita. Leo nimeiweka, nikasikia kimya, nikasema hewani mpigaji amekata. Hakuwa amekata. Jillo alinionyesha kwa kidole nikahamisha upande. Mama mmoja wa Tarasaa alikuwa bado anauliza yule wa themanini analia nini. Nikamwambia viwanda vya kwao vilifungwa, vijana wako nyumbani kwa mama zao, na mvua hainyamazi. Akasema, "Mbona hata huku wapo." Tukacheka wote.

Nyimbo zimepungua. Katika sabini zile fidla zimeondoka. Katika themanini nusu ya vinanda haipo. Lakini mwimbaji yupo, walimsimamisha katikati, kwa hiyo sikio la kulia linampata. Nimejipa moyo. Mradi mwimbaji yupo.

Jumatatu, 5 Mei

Mafuta ya simsim ya uvuguvugu, matone matatu, na pamba. Ndivyo nilivyofanyiwa utotoni. Sikio limepata mafuta, basi. Sasa linavuma. Sauti moja mchana kutwa, kama pampu iliyosahauliwa shambani.

Komora ameniuliza pamba ya nini. Nikasema nta. Mume wangu si mtu wa kuuliza mara mbili. Leo ningependa aulize mara mbili. Akachukua kofia yake akaenda dukani kwake kuuza vipuri vya pikipiki.

Meneja naye amepita mezani. Anauliza kama Jumamosi haiwezi kuwa ya nyimbo za injili. Anauliza kila mwezi, na mimi humjibu kwa wingi wa simu za wasikilizaji. Akijua mwenye kipindi cha muziki hasikii, nitamjibu nini?

Alhamisi, 8 Mei

Nimejifungia bafuni nikaziba la kulia kwa kidole. Nijaribu. Kuku, jirani anayetwanga, mvua kwenye bati, vyote vikaondoka. Ukabaki ule mvumo. Nikatoa kidole upesi.

Nimefanya hivyo mara nne leo. Ujinga mtupu.

Sikio la kufa halisikii dawa, wanasema wahenga. Wahenga nao wangenyamaza kidogo.

Jumamosi, 10 Mei

Sitini dhidi ya tisini. Hoja yangu niliipenda. Tisini ni magitaa makubwa na vijana wanaojiona, wanaimba kama wanaokudai radhi. Lakini ukichungulia ndani ya kelele ile utakuta sitini imejificha. Wamezirithi zile sauti za kuitikiana, wamezivisha koti zito tu. Nikawaambia wasikilizaji: sikilizeni waimbaji wa sitini kwanza, halafu tutawatafuta ndani ya tisini.

Nikaweka wimbo. Ngoma. Besi. Matari. Nikangoja waingie. Hawakuingia. Ubeti mzima umepita, ngoma zinakwenda, hakuna mtu.

Nikakata. Nikaomba radhi hewani, wimbo umeharibika. Nikaweka wa pili. Hakuna mtu. Wa tatu. Hakuna mtu. Ndipo nikakumbuka, na nilitakiwa kukumbuka mapema. Zamani zile walirekodi ngoma upande mmoja na waimbaji upande mwingine. Kumweka mwimbaji katikati kulikuja baadaye. Waimbaji wangu wote wa sitini wako kushoto.

Nimewapoteza. Si mmoja. Wote.

Taa ya simu ikawaka. Nikaiweka kulia. Mzee Buya wa kijiji cha Hewani, yeye hakosi kupiga. Akasema, "Mwanangu, mbona unatukatia? Hizo ndizo tunazozingoja wiki nzima."

Nikamwambia leo hazina waimbaji, mzee.

"Kwani zimekuwa nao lini?"

Nilidhani ananitania. Hakuwa anatania. Akasema nyimbo za sitini za kituo chetu siku zote ni ngoma tupu. Akasema kina mama wa Hewani wakipalilia mpunga Jumamosi wanaweka redio kwenye kingo za shamba na kuimba maneno yao juu ya ngoma hizo. Kwa lugha yetu, Kipokomo. Nyimbo za kuchongoana, za wakwe, za nyani wanaokula mahindi. "Wewe huwasifia waimbaji, sisi tunacheka. Tunasema huyu bibi ana mzaha."

Nikaweka tisini moja kwa moja hadi saa kumi na moja. Sikusema neno zaidi ya saa ngapi.

Jumapili, 11 Mei

Jillo amekiri. Nilimfuata kwake baada ya ibada. Miaka sita iliyopita, wiki ya kwanza ya kituo, radi ilipiga, upande wa kushoto wa mtambo ukaungua. Akaunganisha upande wa kulia peke yake upeleke kila kitu hewani. "Matangazo yalitoka, nyimbo zilitoka, hakuna aliyelalamika. Nikasema nitarudi kuutengeneza." Hakurudi. Kwake kila kitu kilikuwa sawa.

Mimi kipindi kikiwa hewani niko ndani, na hedfoni zangu zina pande mbili. Ningejuaje?

Nimemuuliza Komora, kwa mbali, kama zile za sitini akizisikia dukani zina mtu anayeimba. Akasema hazina. Miaka sita hujaniambia? "Nilidhani ndivyo zilivyo. Na wewe unazisifu sana. Nikaona labda ni mimi nisiyeelewa." Ningemtwanga na mwiko.

Kumbe ndiyo sababu sitini inashinda. Ina nafasi. Tisini imejaa, hakuna pa kutia neno. Miaka sita nimeeleza uzuri wa watu ambao hawakuwepo, nimetoa sauti laini na kila kitu, "msikilize anavyolivuta neno hilo." Nimecheka hadi machozi.

Kisha kicheko kikakatika. Tarasaa, Hewani, Garsen yote, kila mtu amekuwa kiziwi wa upande wa kushoto miaka sita na hakuna aliyeogopa. Mimi siku kumi na mbili tu nimeogopa kwa niaba ya wote.

Jumanne, 13 Mei

Malindi. Nimemwambia Komora naenda kutafuta vitambaa vya harusi ya mdogo wake. Uongo wa kwanza mkubwa katika ndoa hii. Ulitoka kirahisi.

Daktari ni binti mdogo, mpole. Akanifungia kwenye kichumba, akanivika hedfoni, akanipa kitufe. Ukisikia mlio, bonyeza. Nilikuwa namwona usoni kupitia kioo. Nikaanza kubonyeza kila alipoinamisha macho, mlio uwepo usiwepo, nabonyeza tu. Aligundua. Akafungua mlango akasema, "Mama, huu si mtihani wa kufaulu." Akanigeuza niangalie ukuta.

Neva ya kushoto imelala. Ghafla, bila sababu wanayoijua. Kuna vidonge, siku kumi. Vingefaa zaidi ningekuja siku zile za mwanzo. Akaniuliza kwa nini nilikaa karibu wiki mbili.

Nikasema nilidhani ni waya.

Nikamweleza ya mama. Akaandika. Nikauliza, na la kulia? Akasema tutalipima tena vidonge vikiisha. Hilo si jibu.

Nimenunua vitambaa. Vibaya. Sikuviangalia.

Ijumaa, 16 Mei

Saa nne asubuhi la kulia likaanza kuvuma.

Nilikuwa nafagia. Mvumo mzito, upande wa kulia. Nikaketi sakafuni pale pale, ufagio mkononi. Nikasema ndiyo hii. Hata mwezi haujaisha, mama alipewa karibu mwaka. Nikasema kwa sauti, nijisikie nikisema, "Mungu wangu, la kulia pia?" Nikajisikia. Lakini mvumo haukwisha.

Jirani amenunua mashine ya kusaga mahindi. Ameiwasha leo mara ya kwanza.

Nimetoka nimempongeza. Akasema mbona unalia, nikasema unga umeniingia machoni.

Jumamosi, 17 Mei

Jillo ametengeneza upande wa kushoto. Nilimlazimisha. Nataka wawasikie hao watu ambao nimewasifu miaka sita. Nataka mtu mwingine awasikie mimi nikiwa siwezi.

Nikaweka sitini. Kwangu ngoma tupu. Nikasema hewani, leo waimbaji wamerudi, wapokeeni.

Laiti ningenyamaza. Simu zikafuatana. Ni nani huyo ameingia kwenye wimbo wetu? Mtoeni huyo mzungu, anatukosesha mstari. Mama mmoja alikuwa amekasirika kweli, akasema walikuwa wamefika pale pa kumsema mkwe, huyu mtu akaanza kulialia katikati yao. Mzee Buya akauliza kama ni tangazo la biashara.

Nilitoka nimenuna. Lakini si hilo linalonisumbua sasa. Katikati ya kipindi nilimuuliza Jillo, mwimbaji kweli anatoka hewani? Akakubali kwa kichwa, anatoka. Nikamtazama sana. Simu zilipopungua nikawaza, labda ameshamzima, kuniondolea maudhi. Nitajuaje? Nilibaki namtazama Jillo mdomo anapozungumza kwenye simu yake.

Kama mama. Vile vile.

Jumatano, 21 Mei

Kidonge cha tisa. Nimekula kama mchwa, dawa inaleta njaa. Kushoto hakuna kitu.

Komora amesema siku hizi sauti yangu imekuwa kubwa. Nikamjibu kwa sauti kubwa zaidi kwamba haijawa.

Ijumaa, 23 Mei

Malindi tena. Nimesema narudisha vitambaa.

La kushoto halirudi. Amesema "hatutarajii." La kulia, sauti za katikati ziko vizuri, za chini ziko vizuri. Kwa zile nyembamba za juu kabisa limeanza kushuka. Kidogo. Akanionyesha mstari kwenye karatasi, unakwenda sawa, unakwenda sawa, halafu unainama.

Linaweza kukaa hivi miaka mingi, akasema.

Linaweza?

"Linaweza pia lisikae, mama."

Nimekaa kwenye benchi la nje mpaka mlinzi akaja kuuliza kama nangoja mtu. Nilikuwa naorodhesha kilicho huko juu. Matari. Ukingo wa gitaa. Vidole vikihama kwenye nyuzi. Ndege wadogo. Mluzi wa birika. Herufi za mwisho za maneno ya watu. Hofu niliyokuwa nayo mwanzoni ilikuwa haina umbo. Sasa ina karatasi yake, ina jina langu juu.

Jumamosi, 24 Mei

Leo ilikuwa zamu ya hawa wa sasa. Niliwalinganisha na sitini. Sitini walisimama watu wanne chumba kimoja wakaimba kwa nguvu wafike nyuma ya ukumbi. Wa sasa ni mtu mmoja kitandani na kompyuta, ananong'ona mdomo uko kwenye maiki. Nilikuwa naeleza kwamba hata kunong'ona ni uasi, kila mtu akipiga kelele. Hoja nzuri. Nikabonyeza wimbo, nikangoja uanze, haukuanza. Nikaendelea kueleza.

Jillo akapunga mkono. Akaandika kwenye karatasi akaibandika kwenye kioo: UMEANZA ZAMANI.

Nilikuwa nimeongea juu ya mwimbaji ubeti mzima. Hewani. Mbele ya wote.

Nikauzima. Sikupanga kusema. Nilifungua mdomo niseme hitilafu za mitambo, na Jillo alikuwa amekaa pale, mwaka baada ya mwaka nimemtupia lawama za mitambo. Nikasema, "Si mitambo. Sikio langu la kushoto halisikii tangu mwezi uliopita. La kulia limeanza kupungua. Mama yangu alikuwa hivyo, wengine mnamkumbuka, mlimwita kiziwi. Na mimi nilikuwa nikiona haya. Huo ndio ukweli. Samahani kwa leo."

Hakuna wimbo, hakuna neno. Nilitazama taa ya simu. Mlio wake siuamini tena, naitazama taa tu. Haikuwaka. Nilihesabu pumzi zangu. Nikafikiria Tarasaa wanatazamana, Hewani wametazamana, sokoni wameshaanza. Nikafikiria meneja na injili yake. Nikafikiria Komora, kwamba anasikia haya dukani na wateja wake, na mimi sikumwambia kwanza. Hilo ndilo lililonichoma.

Taa ikawaka.

Mzee Buya. Akauliza, "Ni lipi linalosikia?"

"La kulia, mzee."

"Simu umeiweka hapo?"

"Nimeiweka hapo."

"Basi pole sana, mwanangu. Lakini yule mzungu bado yumo."

Nilicheka hewani, kicheko kibaya, cha kukoroma, hadi Jillo akaweka wimbo kunisitiri. Nyuma ya mzee nilisikia kina mama wanapiga kelele, ndiyo, atoke, atoke. Tumekubaliana. Saa ya kwanza ngoma tupu, saa ya pili na mzungu wake. Jillo anasema ni swichi moja tu. Anasema pia atanifungia kifaa cha kukusanya pande zote mbili ziingie sikio moja, nisikie ngoma na mwimbaji kwa pamoja. Angeweza kunifungia siku ya kwanza. Kama ningemwambia.

Meneja alichungulia mlangoni. "Tutaongea Jumatatu." Uso wake sikuusoma.

Nyumbani Komora alirudi na kofia yake, akaitundika. Alikula, akaosha mikono, akalala. Ningependa agombe.

Jumapili, 25 Mei

Mvua imekatika. Mahamri ya jana, chai ya maziwa.

Miaka kumi na tisa Komora amekunywa chai akiwa kushoto kwangu, upande wa dirisha, apate mwanga wa gazeti. Leo nimemkuta amehamisha kiti. Amekaa kulia, gizani kidogo, gazeti amelikunja.

Nikammiminia.

Akapuliza chai yake. Nimesikia.